Safari Zilizoishia Kwenye Mianzi

Wiki iliyopita nilikuwa Makambako. Nilikuwa nimemaliza shughuli zangu sokoni na nasubiri gari la kurudi Njombe, mara nikasikia harufu ya ulanzi. Upepo wa Makambako mnaujua: haukuulizi unataka nini, unakuletea vumbi la barabarani, moshi wa mahindi ya kuchoma na habari za watu. Siku hiyo uliniletea ulanzi mchanga, ule tunaouita mtogwa, uliogemwa alfajiri hiyo hiyo na haujaanza kuchacha. Nyuma ya vibanda alikaa mama mmoja na dumu lake la njano, vikombe vya plastiki amevifunika kitambaa. Nikamsogelea. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi ya kliniki yenye kipimo changu cha sukari, na aliyeiandika alikuwa amekipigia mstari mara mbili. Nililikumbuka hilo vizuri kabisa wakati namwambia yule mama anipimie kikombe kimoja.

Ninyi mliokulia huku hamhitaji maelezo. Wengine niwaambie kwamba ulanzi hutoka kwenye mwanzi. Mvua zikianza, mgemi hukata ncha ya mwanzi mchanga na kuning'iniza hapo kikopo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na maji matamu hudondoka humo usiku na mchana. Yakinywewa asubuhi ni mtogwa, na wanakunywa watoto, wajawazito na wazee wa kanisa. Yakilala siku moja au mbili yanakuwa pombe, na hapo wazee wa kanisa hutazama kwanza nyuma kabla ya kunywa. Katika usharika wetu sikuwahi kusikia mtu akikemewa kwa mtogwa. Mtogwa si pombe, ni maji ya mwanzi. Sisi tulilijua hilo kabla ya kuzijua Amri Kumi.

Baba yangu alikuwa mpasuaji mbao kwenye misitu ya misindano upande wa Kifanya. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya besi kanisani, na alipenda vitamu kupita watoto wake wote. Chai yake ilikuwa na vijiko vitano vya sukari, na mama alipogeuka kilipita cha sita. Jumamosi akirudi na mshahara alileta maandazi kwenye karatasi ya gazeti, nasi tulijua kwamba njiani yalikuwa mengi zaidi. Aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwa kisingizio hicho nilikaa naye karibu kuliko mtoto mwingine yeyote nyumbani. Nilimpenda sana. Naliandika hivyo hivyo, sina namna nyingine ya kulisema.

Siku baba na mama waliporudi kutoka hospitali na kusema baba ana sukari, sikuelewa kwa nini mama analia. Kwangu mimi sukari ilikuwa ile nyeupe ya kwenye kopo. Nikaamini kwamba vijiko vyote alivyokula vimekaa ndani yake, punje kwa punje, vimejaa miguuni na sasa vinapanda, na kwamba vikifika kwenye moyo ndiyo basi. Sikumuuliza mtu. Mama aligawa sukari yote ya nyumbani kwa majirani, akalificha hata kopo lenyewe, tukaanza kunywa chai kavu. Baba akakonda, akawa mkali. Usiku alikwenda chooni mara nne, mara tano. Mchana alikaa kwenye gogo nje ya jiko, anatazama barabara ambayo muuza maandazi hupita.

Mwezi uliofuata walinichukua kwenda kliniki kwa sababu hapakuwa na wa kukaa nami. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, tukimwita sista kama wauguzi wote. Baba akamwambia ukweli wake, kwa aibu, akitazama kofia yake mkononi.

"Sista, dawa nakunywa. Lakini hamu inanishinda. Jana nimesimama mbele ya sinia la maandazi mpaka mwenyewe akaniuliza kama naumwa."

"Hamu haidumu, baba," sista akasema. "Inakuja, inapanda, inashuka. Kazi yako ni kuwa mahali pengine mpaka ishuke. Fumba macho, nenda mahali unapopajua. Nusa. Sikiliza. Gusa. Kichwa hakiwezi kuwa msituni na kwenye sinia la maandazi kwa wakati mmoja."

"Mimi nikifumba macho naliona andazi vizuri zaidi."

Sista alicheka mpaka akashika meza. "Basi tafuta mtu wa kukupeleka." Akanitazama. "Huyu hapa hajanyamaza tangu mmeingia. Huyu atakufaa."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi. Hakuna aliyewahi kupewa cheo akakichukua kwa uzito kama nilivyokichukua mimi. Hamu ilipompata, baba aliita, "Mama, njoo unipeleke," nami niliacha chochote nilichokuwa nacho, hata kama ni mtoto wa jirani mgongoni, nikaenda. Yeye alikaa kwenye gogo na kufumba macho. Mimi nilisimama mbele yake, nikamshika vidole viwili, tukaondoka.

Mara nyingi nilimpeleka Kifanya. Nilianza na baridi, kwa sababu baridi naijua: umande unaingia kwenye buti, soksi inalowa, kidole kikubwa kinakufa ganzi. Kisha harufu ya utomvu wa msindano uliokatwa sasa hivi. Kisha msumeno unaanza, unakataa, unaanza tena, na vumbi la mbao linaingia puani na kwenye kola ya shati. Nilimwambia aguse gome, naye kweli alinyoosha mkono hewani na kuligusa. Siku nyingine nilimpeleka mtoni, maji yale yanayouma meno. Na siku hamu ilipokuwa kali sana nilitumia dawa kali: nilimpeleka kwa andazi lenyewe, nikamwambia alimege katikati, ndani kuna unywele mrefu, mweusi, unavutwa hauishi, na mafuta yaliyolikaanga ni ya tangu Krismasi. Hapo baba alitoa ulimi nje na kucheka, na akicheka nilijua tumevuka.

Na ilifanya kazi, nataka mjue hivyo. Mwezi wa kwanza kipimo kilishuka, wa pili kikashuka zaidi. Sista alimpigia makofi mbele ya wagonjwa wengine, na baba akanibeba mabegani kutoka kliniki hadi kituoni, mtu mzima na msichana wake wa miaka minane, watu wakitutazama. Nyumbani, alipolala na kutoka jasho, nilipitisha kidole kwenye paji la uso wake na kukiramba. Chumvi tupu. Nikaenda jikoni kumtangazia mama kwamba sukari inaisha, imebaki chumvi. Mama akanikumbatia huku mikono yake imejaa unga.

Kisha mvua zikaanza.

Baba mdogo Yona, mdogo wake baba, alikuwa mgemi. Mianzi yake ilikuwa bondeni chini ya nyumba yetu, na asubuhi ya kwanza ya msimu alitupandishia mtogwa kwenye ndoo ndogo, umetoa povu, nyuki wawili wamezama humo. Baba alikunywa kikombe, akafumba macho mwenyewe bila kupelekwa. "Hii siyo ya dukani," alisema. "Hii Mungu ameipika." Mama alifurahi kumwona amefurahi. Siku zote tulizokuwa tukikatazwa tuliambiwa acha sukari, acha soda, acha maandazi, acha pombe, na tuliviacha vyote kwa uaminifu. Hakuna aliyetuambia tuache maji ya mwanzi, wala hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza, kama vile mtu asivyouliza kama ni halali kunywa mvua.

Wazo la kuuweka mtogwa mwishoni mwa safari lilikuwa langu. Niliona mtu akitembea umbali wote ule hadi Kifanya na kurudi lazima awe na kiu. Kwa hiyo nilibadilisha njia. Tukitoka msituni nilimshusha bondeni, nikamwambia asikilize: majani ya mwanzi yanasuguana, na ndani ya mbeta maji yanadondoka, to, to, to. Sasa sogea, baba. Sasa nusa. Hapo alifumbua macho na kusema, "Mama, nimefika na nina kiu," nami nilikimbia kumletea kikombe. Kilikuwa zawadi ya ushindi wake. Kabla mwezi haujaisha aliniita mara tatu kwa siku, nami niliona fahari kwamba anazipenda safari zangu kiasi hicho.

Lipo jambo jingine, na nilikaa nalo miaka mingi bila kumwambia mtu. Nyuma ya bafu letu la nyasi, pale baba alipokuwa akijisaidia haja ndogo usiku, waliibuka sisimizi. Asubuhi ya kwanza walikuwa wachache, wiki moja baadaye walikuwa mstari mweusi kutoka ukutani hadi shambani. Nilichuchumaa nikawatazama. Sikuwa mjinga, nilijua sisimizi hufuata sukari. Basi nikakata shauri kwamba sukari ya baba hatimaye inatoka, na hawa wametumwa kuibeba. Niliwaimbia. Nikaona dawa inayoitoa ni mtogwa, kwa kuwa walianza kuja baada ya mtogwa, na siku hiyo nilimjazia baba kikombe mpaka kikamwagika.

Kliniki iliyofuata kipimo kilikuwa kimepanda mara mbili. Sista alipima tena kidole kingine. Kikawa vilevile.

"Baba, soda?"

"Sijagusa, sista."

"Maandazi? Chai ya sukari?"

"Muulize mke wangu."

"Pombe?"

Baba akanyooka kwenye kiti. "Sista, mimi ni mtu wa kwaya."

Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, miguu yangu haifiki chini. Nilisikia kila swali na nilikubaliana na kila jibu. Hapakuwa na uongo hata mmoja katika chumba kile. Sista alifunga kadi taratibu, akasema, "Damu haidanganyi, baba. Kuna kitu unakula kwa siri." Tukatoka nje, na safari hii sikubebwa.

Kutoka siku hiyo nyumba yetu iligeuka. Mama alikagua mifuko ya koti la baba, akanusa mikono yake, akaenda kumuuliza muuza maandazi. Alipokosa ushahidi ndipo alipozidi kuamini. Jioni moja alisema, akisonga ugali bila kumtazama, "Sikio la kufa halisikii dawa. Watoto hawa utamwachia nani, Mzee?" Baba alisema hajala kitu. Mama akasema, "Damu haidanganyi." Baba akanigeukia mimi: "Mama, wewe si uko nami kutwa? Waambie." Na mimi, Mungu anisamehe, nilisita. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba labda njiani, tukiwa tumefumba macho, anachepuka bila mimi kujua na kula maandazi ya huko. Alikuona kule kusita kwangu. Alisukuma sahani yake, akatoka nje, na kesho yake alipoita "njoo unipeleke" sauti ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha kwa kosa asilolijua.

Nilimpeleka. Nilizidisha bidii, na kwa vile nilizidisha safari nilizidisha vikombe.

Mguu ulianza na kibanzi cha mbao. Kiliingia kwenye buti lake la kulia akiwa kazini, akatembea nacho siku nzima bila kusikia chochote. Mama ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Kidonda kilikuwa kidogo, cha kufunikwa na ukucha. Kikakataa kupona. Kikawa na harufu, na mimi niliyekuwa fundi wa harufu sikupata neno la kuitaja. Alipopelekwa hospitali kidole kilikuwa cheusi, na weusi ule ulikuwa unapanda, kama nilivyoogopa tangu mwanzo kwamba sukari itapanda. Daktari akasema mguu utakatwa chini ya goti.

Siku moja kabla ya kukatwa, Baba mdogo Yona alikuja kumwona. Alikuwa ameamka usiku, amegema, ametembea kwenye matope na kupanda gari, na chini ya koti alikuwa na kidumu cha lita tatu. Alikuwa mtu asiyejua kusema pole. Alichojua ni kugema. Akamimina kikombe, akakiweka mkononi mwa baba. Sista wetu wa kliniki alikuwa amepanda wodini kumjulia hali mgonjwa wake, akasimama mlangoni.

"Ni nini hicho?"

"Mtogwa tu, sista," Yona akasema haraka. "Siyo pombe. Nisingemletea mgonjwa pombe."

Sista alikichukua kikombe, akanusa, akachovya kidole na kuonja. Niliona uso wake ukibadilika. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Anakunywa hiki kwa siku kiasi gani?"

Mama alimtazama Yona. Yona akanitazama mimi. Nikainua vidole vitatu, kisha nikakumbuka kusema kweli kama tulivyofundishwa Shule ya Jumapili, nikaongeza cha nne.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Nani anampa?"

"Mimi," nikasema. Nilisema kwa sauti nzuri, maana hata wakati ule sehemu yangu moja ilidhani labda nitasifiwa.

Sista aliketi kwenye kitanda kilichokuwa wazi. Alisema polepole, bila kumtazama mtu, kwamba ule ni sukari, kwamba utamu wote ule ni sukari, iwe imetoka dukani au kwenye mwanzi. Yona akachukua kidumu chake, akatoka nacho nje, na dirishani nilimwona amesimama nacho mvuani, hajui akimwage wapi. Mama alipiga magoti kando ya kitanda, akakumbatia ule mguu uliofungwa, akasema, "Nisamehe. Nimekuita mwongo. Nisamehe." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi chetu tulikipanda wenyewe bondeni na kukishukuru mezani.

Sista akanigeukia aseme kitu, nadhani kitu chema. Baba akamzuia.

"Usimuulize mtoto tena," alisema. "Mdomo ulikuwa wangu."

Kesho yake wakaukata.

Alirudi nyumbani kiangazi, mianzi imekauka na mbeta zimeinamishwa. Alikaa kwenye gogo lilelile, magongo mawili pembeni, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Kwa wiki nzima nilimpitia mbali. Sikuogopa mguu uliokosekana. Niliogopa vidole vyake viwili, vile nilivyokuwa nikivishika. Siku moja jua likiwa zuri aliita.

"Mama, njoo unipeleke."

Nikasogea hatua chache. "Umeona maandazi?"

"Hapana. Leo sina hamu ya kula. Nina hamu ya kutembea." Akafumba macho, akaninyooshea mkono. "Nipeleke Kifanya. Ila tutoke hapa nyumbani kwa miguu, taratibu, usiruke mahali. Unionyeshe buti zote mbili zinavyokanyaga."

Nilifungua mdomo. Niliutafuta umande, nikauona. Nilitafuta harufu ya utomvu. Lakini kila njia niliyoianza iliteremka bondeni, na kila nilipogeuka nilisikia to, to, to, na nikajiona nakimbia na kikombe kimejaa mpaka kinamwagika. Baba alingoja, uso wake ameuinua kwenye jua, mkono hewani.

"Sijui njia, baba," nikasema.

Mkono ulikaa pale kidogo. Kisha aliurudisha juu ya goti lililobaki. "Haya, mama," akasema. "Siyo neno." Hakuniita tena kumpeleka popote. Aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo, hakugusa mtogwa, hakugusa andazi, lakini tulikuwa tumechelewa, ugonjwa ukamaliza ulichobakiza.

Nimefanya safari zile kwa ajili yake mara nyingi tangu nilipokuwa mtu mzima. Nazifanya pia kwa ajili yangu, kwa kuwa nimerithi sauti yake ya besi, urefu wake na damu yake. Kwa keki naweza. Kwa soda naweza, nikiweka unywele mahali pake. Pale Makambako, kikombe kikiwa mkononi na yule mama akihesabu chenji ya mteja mwingine, nilifumba macho na kujipeleka Kifanya. Baridi ikaja. Utomvu ukaja. Na mbele yangu kwenye kijia akatokea baba, anatembea, buti zote mbili zinakanyaga matope, la kulia na la kushoto, vizuri kabisa, kama alivyoniomba. Nilimfuata kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Aliteremka bondeni. Nilimwambia asiende, akaenda. Alisimama kwenye mianzi, akashusha mbeta, akapuliza nyuki, akanywa, akafuta povu mdomoni, kisha akanipa na mimi. Mimi ndiye ninayemtembeza, kila hatua anayopiga ninampa mimi, lakini kumfanya aimwage ile mbeta sijawahi kuweza.

Nilipofumbua macho kikombe kilikuwa kitupu.

"Nikuongeze, dada?" yule mama akauliza, dumu tayari ameliinamisha.

Nikamnyooshea kikombe.